Dole la Mjane

Ukipita Mtongani, kule Kunduchi, ukauliza habari za Sesilia wa mashine, wazee watakutazama miguuni kwanza, waone umevaa viatu gani, ndipo wakujibu. Usiwashangae. Wana sababu yao, na sababu hiyo ilianza siku ya kawaida kabisa, jua linawaka, watu wako makazini, na vumbi la mawe limetanda vilevile kama jana yake.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, kila mtu ni ndugu. Mkuu wa ofisi ni ndugu na mfagizi ni ndugu, ingawa kiti cha ndugu mmoja kilikuwa na mto na cha ndugu mwingine hakikuwa nao. Kunduchi kulikuwa na shirika moja la umma lililopasua mawe na kusaga kokoto za kujengea mji. Wakilipua baruti, vikombe vinagongana kabatini. Vumbi lake lilikuwa jeupe, linakaa juu ya mapaa, juu ya kisamvu, juu ya nguo zilizoanikwa, na akina mama wa Mtongani walikuwa wakifua nguo moja mara mbili huku wakililaani shirika kwa sauti ya chini.

Sesilia alikuwa karani wa kadi katika shirika hilo. Mtoto wa Ndanda huyo, amesomeshwa na masista, ana mwandiko wa kupendeza, na hakuna kilichomkera kama kuona kitu mahali pasipo pake. Ofisini walikuwa na mashine, ndiyo kompyuta ya siku hizo, kubwa kama kabati la nguo la bibi harusi. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake ngumu iliyotobolewa matundu: tundu hili la namba yake, hili la kazi yake, hili la kuonyesha ana ndoa au hana. Ukiilisha mashine zile kadi inanguruma, halafu inatoa karatasi ndefu yenye majina ya watu wote. Ukiwemo kwenye karatasi, wewe ni mfanyakazi. Usipokuwemo, shirika halikujui.

Na siku hizo Sesilia alikuwa na furaha ya kuonekana kwa macho. Alikuwa amechumbiwa na Albano, mchonga vinyago mwenye banda lake Mbezi, kando ya njia inayoteremka kwenye mahoteli ya pwani. Albano alichonga mpingo, na mpingo una vumbi jeusi. Kucha zake zilikuwa nyeusi mwaka mzima. Hata siku aliyokwenda kujitambulisha kwa kaka zake Sesilia, alikwenda na kucha nyeusi baada ya kuzisugua mpaka zikamuuma. Sesilia alikuwa akimtania kwamba siku ya harusi watamvika soksi mikononi. Tangazo la kwanza la ndoa yao lilikwisha kusomwa kanisani, yalibaki mawili, na binti wa watu alikuwa akihesabu Jumapili tu.

Ndipo likaja agizo kutoka makao makuu. Kila tawi lisafishe kadi zake: waliokufa watolewe, waliostaafu watolewe, waliotoroka kazi watolewe. Mkuu wa ofisi alikuwa Ndugu Ansbert, Mhaya mmoja mwenye suruali isiyovunjika mkunjo hata Kunduchi kwenye vumbi. Alimwambia Sesilia kwa upole, lakini alimwambia: likizo yake ya harusi ataitia sahihi siku karatasi ya mashine itakapotoka safi. Kabla ya hapo asiiguse hata kwa mkono.

Sesilia akafanya kazi hiyo kwa raha zake. Akachomoa kadi, akazikata ncha ili kila mtu ajue zimekufa, akazitia kwenye gunia la kuchomwa. Alipoilisha mashine zilizobaki, karatasi ikatoka safi isipokuwa jina moja. Salumu Ngwele, mvunja mawe.

Salumu alijulikana na kila mtu pale. Mwaka uliotangulia alikuwa chini ya gema la mawe baruti ilipolipuka, na gema zima likaporomoka. Walichimba, wakachoka, wakaacha. Maiti haikuonekana. Sesilia alikumbuka vizuri kwamba kadi yake aliitoa asubuhi ileile, maana alipoikata ncha alimwombea mtu huyo kwa moyo. Akarudi kutazama kwenye sanduku. Kadi ilikuwamo mahali pake, nzima, ncha haijaguswa. Ilikuwa na vumbi jeupe juu yake.

Akadhani amejisahau. Akaitoa tena, akaikata, akaitia gunia. Kesho yake asubuhi ikawa sandukuni. Akaichana vipande. Ikawa sandukuni. Akaichoma mwenyewe kwa kiberiti nyuma ya choo cha ofisi, akayakanyaga majivu mpaka moshi wa mwisho ukazimika. Aliporudi mezani kwake akavuta droo ya lile sanduku, na kadi ilikuwamo. Ilikuwa bado ina joto.

Mtu wa kwanza kumshuku alikuwa Kasiani, aliyekuwa akiiendesha mashine. Nani mwingine aliyejua kutoboa kadi? Alimvizia, akamkagua mifuko kwa macho, akaacha hata kunywa naye chai. Kisha akamshuku Ndugu Ansbert mwenyewe, maana wakuu wengi wa siku zile walipenda kuwa na wafanyakazi wasioonekana. Lakini mshahara wa Salumu ulikuwa haujaguswa na mtu tangu afe. Hapo ndipo watu wa ofisini walipoanza kunong'ona jina la tatu, jina la Mauwa, mke wa Salumu, muuza samaki wa kukaanga kule pwani. Wakasema Salumu hakufa. Wakasema mkewe ni mchawi, kamfanya msukule, kamficha, na mtu aliyefichwa huwezi kumfuta.

Ndugu Ansbert hakutaka kusikia habari za misukule ofisini kwake. Alichojua yeye ni utaratibu. Tawi moja la shirika liliwahi kufuta watu walio hai, wakaja na mitaimbo, na tangu hapo makao makuu yalikataza jina la marehemu ambaye maiti yake haikuonekana kutolewa bila ruhusa ya mwenyewe, yaani mjane au ndugu wa damu. Inatobolewa kadi ya kufungia, mwenye ruhusa anaweka dole gumba nyuma yake, mashine inalishwa, basi. Kasiani akacheka, akasema mashine haina macho ya kuona wino. Wakatoboa kadi ya kufungia bila dole, wakailisha kwa majaribio. Mashine ikaitema. Wakailisha tena, ikaitema tena, na mara ya tatu ikaitema kwa nguvu mpaka ikaanguka miguuni kwa Sesilia. Kasiani hakucheka tena.

Sesilia akaenda kwa Mauwa mchana wa jua kali, kibweta cha wino mkononi. Alimkuta ameketi kwenye kibaraza cha nyumba yake ya makuti, mama wa makamo, msafi, kanga zake za rangi zinang'aa. Hakuwa na dalili ya msiba. Sesilia akabisha hodi, akamwamkia shikamoo, akakaribishwa mkeka. Mlangoni palikuwa na jozi ya katambuga, vile viatu vya tairi la gari, vikubwa vya mwanamume. Mkanda wa kushoto ulikuwa umeshonwa kwa waya mwekundu wa baruti. Vilikuwa na vumbi jeupe, na vumbi lenyewe lilikuwa bichi, halijapigwa na upepo.

Alieleza shida yake kwa adabu, akimzungushia maneno ili asimuumize, mpaka alipolitaja neno marehemu.

"Marehemu gani?" Mauwa akauliza.

Sesilia akalitaja jina la Salumu.

"Mie hapa sijakaa eda, mwanangu. Maiti sikuonyeshwa, haikuoshwa, haikuzikwa. Nikae eda ya nani? Mume wangu yuko kazini."

Akasema hayo kwa utulivu, kisha akainuka akapakua wali na samaki kwenye sahani, akaiweka juu ya mkeka upande usio na mtu. Akaifunika kawa. Sesilia akauliza kwa sauti ndogo chakula kile ni cha nani, ingawa jibu hakulitaka.

"Mchana huwa anakuja kula." Mauwa akasogea, akashusha sauti. "Haongei. Anakula upande mmoja, anaondoka. Nimechoka, sikufichi. Lakini mie kumwachia simwachii. Kama ofisi yenu inamtaka atoke kwangu, aje mwingine aseme ni wake. Aweke dole yeye."

Sesilia aliaga haraka. Njiani alijiambia mama wa watu amerukwa na akili kwa uchungu, na alimhurumia kweli. Lakini Jumapili zilikuwa zinakuja, na likizo ilikuwa mezani haina sahihi.

Sasa hapa ndipo penye kosa, na tusimwonee. Makarani wote wa siku zile walifanya hivyo. Mzee akishindwa kufika, bibi akiwa mgonjwa, karani anachovya dole lake mwenyewe kwenye wino, anagandamiza, kazi inakwenda. Nani angepima mistari ya dole? Wengine walifanya kwa kusaidia na wengine kwa uvivu, na hakuna aliyewahi kuitwa kujibu. Basi wenzake walipotoka kwenda kula, Sesilia akaichukua kadi ya kufungia. Mahali pa mwenye ruhusa palikuwa na neno moja, mke. Akachovya dole. Akagandamiza hapo.

Mashine ikaimeza. Haikunguruma kama ilivyozoea, ilitoa sauti ya chini, kama mtu aliyeshiba. Karatasi ikatoka. Salumu Ngwele hakuwemo. Akatazama sandukuni, hakuwemo. Alasiri hiyo Ndugu Ansbert akatia sahihi likizo, akamtania kwamba sasa amebaki kumfuta Sesilia wa zamani aje Bi Albano, na binti akarudi nyumbani akiimba.

Alikuwa amepanga chumba kwa Bi Hamisa, bibi wa Kizaramo aliyekuwa akishinda barazani anasuka ukili na kumchunguza kila apitaye. Sesilia akamwamkia. Bi Hamisa akaitikia marahaba, ila kwa mdomo wa pembeni.

"Kuna mwenzio alikuja," akasema.

"Albano?"

"Albano namjua, ningemtaja kwa jina. Mwingine. Vumbi tupu. Kaketi hapo kwenye benchi, kimya. Nikamwuliza, baba, wewe nani kwake? Kasema mumewe."

Sesilia akatazama benchi. Palikuwa na alama ya makalio, nyeupe. Akacheka ili Bi Hamisa acheke, Bi Hamisa hakucheka. Usiku huo alilala vizuri, maana alikuwa bado anaamini ni mzaha wa Kasiani.

Siku ya pili alipika ugali na dagaa, akatoka kidogo kuteka maji bombani. Aliporudi, ugali ulikuwa umeliwa. Si wote. Upande mmoja tu, umekatwa vizuri, ule mwingine haujaguswa. Ukingoni mwa sahani palikuwa na alama ya dole, nyeupe. Akaifuta kwa kitambaa. Siku iliyofuata, shuka lililofuliwa lilikuwa na vumbi upande wa ukutani, nusu ya kitanda, kwa urefu wa mtu. Akalifua. Likarudi. Akaanza kufunga mlango kwa kufuli, na kumshuku Bi Hamisa kwamba ana ufunguo wa pili, naye Bi Hamisa akawa anamshuku yeye kwamba analeta wanaume kinyemela. Nyumba nzima ikawa inatazamana kwa pembe za macho.

Jumapili ya tangazo la pili Albano alikuja kula chakula cha mchana. Alifika akicheka, amebeba embe kwenye kapu. Mlangoni akasimama.

"Sesi. Viatu vya nani hivi?"

Sesilia alikuja mlangoni, akaona katambuga. Akaona waya mwekundu. Alisema havijui, na uongo huo ulisikika hata kwake mwenyewe kuwa ni uongo. Albano hakugomba. Alikuwa mtu wa taratibu, mzoefu wa kulitazama gogo siku nzima kabla ya kuligusa. Alitaka tu kumjua mwanamume mwenzake ana ukubwa gani. Akavua viatu vyake, akaingiza mguu mmoja, halafu wa pili. Akasimama navyo.

"Ana mguu kama wangu," akasema polepole. "Vimenikaa kabisa."

Akavivua, akaweka kapu la embe chini, akaondoka bila kula.

Sesilia alilia mpaka macho yakavimba. Jumatatu akaenda ofisini kabla ya wengine, amedhamiria kumrudisha Salumu sandukuni. Akatoboa kadi mpya ya Salumu, akailisha. Mashine ikaitema. Akajaribu mpaka vidole vikamwuma. Ikatema. Ndipo akaja Ndugu Ansbert na karatasi ya siku ile mkononi, uso umekunjamana.

"Ndugu Sesilia, hukuniambia kama una ndoa tayari."

Akavuta kadi yake mwenyewe. Tundu la ndoa lilikuwa limetobolewa. Akaichana, akatoboa nyingine kwa mkono wake, tundu hilo akaliacha zima. Akafunga droo. Akaifungua. Lilikuwa limetobolewa.

Jumapili ya mwisho padri alisoma majina yao mbele ya watu, akauliza kama yupo anayejua kizuizi. Kanisa likatulia. Albano alikuwa benchi la tatu, hakumtazama. Padri akafungua mdomo aendelee. Nyuma kabisa mtu akakohoa. Kikohozi kikavu cha mtu wa mawe. Kimoja. Kisha kingine. Watu wakageuka. Benchi la nyuma lilikuwa tupu, na vumbi jeupe lilikuwa linashuka polepole juu yake.

Nje ya kanisa Sesilia alimfuata Albano, akamshika mkono hadharani, jambo ambalo binti wa masista halifanyi, akamweleza yote. Hakuficha hata dole. Albano alisikiliza, akatazama miguu yake mwenyewe muda mrefu.

"Nimevivaa vile viatu," akanong'ona.

Wakaenda kwa Mauwa pamoja. Lakini Albano hakuruhusiwa kupita kibarazani, maana nyumba ile sasa ilikuwa na wanawake peke yao na pazia mlangoni. Sesilia akaingia peke yake. Mauwa alikuwa ameketi kwenye mkeka, amevaa nyeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni. Alikuwa amekaa eda. Uso wake ulikuwa umepona, kama wa mtu aliyelala usingizi baada ya mwaka mzima.

"Karibu, mke mwenzangu," akasema.

Sesilia akaanguka magotini, akamwomba amchukue mume wake. Mauwa akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba mchana ule ule wa dole aliweka chakula, akangoja, hakuja mtu. Akangoja tena kesho yake. Hapo ndipo alipojua kuwa mumewe kafa, na ndipo machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza.

"Sina tena ruhusa juu yake. Wewe ndiye mkewe. Mfanyie haki yake, mkalie eda mpaka iishe. Mie nilimnyima, ndiyo maana alikuwa haendi."

Sesilia akaacha kazi. Ndugu Ansbert hakumwuliza sababu, na inasemekana hakuwahi tena kuketi karibu na mashine ile. Msichana wa Kikristo, asiyewahi kuolewa, akavaa nyeupe na kuingia ndani. Bi Hamisa aliyekuwa akimsengenya ndiye aliyemwogesha, akampikia, akawafukuza waliokuja kuchungulia. Albano alikubali kungoja. Alikuwa akileta kuni na sukari mpaka kwenye baraza, anaviacha, anaondoka bila kuita jina.

Mwanzoni yule mtu aliendelea kuja. Sesilia alisikia benchi likilia, akasikia kikohozi. Alikuwa akifumba macho na kumwombea, kwa sala zake yeye, kwa maana hizo ndizo alizokuwa nazo. Wiki zikapita. Ugali ukawa unaliwa kidogo. Vumbi la kitandani likawa jepesi. Kasiani akaleta habari kwamba kadi ya Sesilia imetoka sandukuni mara moja, bila ubishi. Na mchana mmoja alipofunua kawa, sahani ilikuwa nzima. Akalia kwa furaha, na kwa mara ya kwanza akamlilia Salumu pia, mtu wa watu aliyelala chini ya mawe bila kaburi.

Eda ilipoisha, Mauwa na Bi Hamisa walimpeleka pwani asubuhi na mapema wakamwogesha maji ya bahari. Mauwa alikuwa amezichukua zile katambuga mlangoni kwa Sesilia, amezifunga kwenye kanga. Akazirusha mbali. Zikaelea kidogo, zikageuka, zikazama.

Matangazo yakasomwa upya. Safari hii hakukohoa mtu. Siku ya harusi Albano alisimama mbele ya altare na kucha zake nyeusi, na Sesilia alipoziona akacheka na kulia kwa pamoja, watu wakadhani ni haya za bibi harusi. Wakahamia Mbezi, mbali na vumbi la mawe. Kila jioni Albano alirudi kutoka bandani akinukia mpingo, na Sesilia alikuwa akimsugua vidole kwa limau, vikikataa kutakata, naye akiona hakuna kitu kitamu duniani kama ubishi ule.

Albano hakuwa na desturi ya kurudi mchana. Kwa hiyo mchana mmoja aliposikia hodi, Sesilia alishangaa, na alishangaa zaidi kuona ni yeye. Mtu gani anabisha hodi kwake? Akamkaribisha akicheka. Albano hakujibu. Akakaa kwenye mkeka. Akakohoa, kikavu.

Sesilia alileta maji ya kunawa. Akamimina. Maji yalipopita vidoleni yakaingia beseni meupe kama tui. Akatazama kucha.

Zilikuwa nyeupe.

Akapakua. Albano akala upande mmoja wa sahani, akauacha mwingine. Akainuka, akatoka. Pale mlangoni akavaa viatu vyake, na mkanda wa kushoto ulikuwa na waya mwekundu. Ulikuwa umelowa. Ulikuwa unadondosha maji ya chumvi.

Sesilia alikimbia kichwa wazi mpaka bandani. Wachongaji wenzake walimwambia Albano aliinuka kabla ya saa ya kula, akasema anakwenda machimboni mara moja, wakamcheka, maana mchonga mpingo ana kazi gani machimboni? Patasi yake ilikuwa palepale. Kinyago alichokuwa akichonga kilikuwa palepale, mwanamke aliyeketi, uso bado haujatoka. Kifuani mwa kile kinyago cheusi palikuwa na alama ya dole gumba, nyeupe.

Hakuonekana tena bandani wala machimboni. Wenzake waliisugua ile alama kwa msasa, wakaipaka mafuta, wakaipitishia patasi mpaka wakachimba shimo. Asubuhi kinyago kilikuwa kizima, na dole mahali pake. Mwishowe wakampelekea Sesilia, kwa kuwa hakuna aliyetaka kulala nacho.

Bi Hamisa alisafiri kutoka Mtongani kwa miguu yake mibovu, amebeba kitambaa cheupe. Alimkuta Sesilia kibarazani, amevaa kanga za rangi, amepaka wanja. Akamsihi. Akamwambia dawa anaijua, si ameshaifanya mwenyewe? Aivae nyeupe, amkalie mwenzake eda, amwache aende.

Sesilia alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, akakikunja vizuri, akamrudishia. Mlangoni katambuga zilikuwa zimekaa sambamba, maji yanazitoka taratibu.

"Nikae eda ya nani, Bi Hamisa?" akanong'ona. "Mume wangu yuko kazini."

Kisha akaomba radhi, akaingia ndani kupakua, maana ilikuwa imeshafika saa ya kula.